Kisima cha Yakobo na Benchi ya Nyuma

Mwalimu Gatheru tulimzika Kitengela, kwenye ploti aliyoinunua zamani watu wakimcheka kwamba amenunua upepo na miiba. Siku hizi ploti hiyo imezungukwa na maghorofa ya kupangisha pande tatu, na wakati wa maombi ya kaburini wapangaji walikuwa wameegemea reli za balkoni wakitutazama, mmoja akianika nguo za mtoto. Sikuona ubaya. Mwalimu mwenyewe alipenda hadhira. Baadaye tulikalishwa chini ya hema tukapewa pilau, kabeji, na nyama ya kutafuta kwa tochi. Mchungaji Sankale, niliyesoma naye chuoni Kajiado na ambaye sasa ana kanisa Rongai na kitambi cha kulingana nalo, akaniinamia. "Ciru, umeona? Wasifu mrefu hivyo na hakuna mtu ametaja kisima." Nikamwambia wasifu huandikwa na watoto, na watoto hawajui wazazi wao walikuwa wanafanya kazi gani. "Na Mzee Lemein je?" akauliza. Nikasema huyo ndiye kabisa hawajamsikia. Tukacheka vibaya, mpaka mama mmoja wa mbele akageuka kututazama.

Nimefundisha fasihi ya Biblia kwa muda mrefu. Nimesoma vitabu vinene vya watu ambao hawajawahi kuchota maji ila kwa kufungua mfereji, na ninaviheshimu. Lakini mwaka ulionifanya mwalimu ni ule mmoja wa Kajiado, nikiwa na miaka ishirini na kitu, mwembamba kama ufito na mwenye uhakika juu ya kila jambo. Sitaeleza nilitoka kwa nani wala nani alinilipia. Hayo hayabadilishi chochote. Chuo cha Biblia kilikuwa nje kidogo ya mji, vyumba vichache vya mabati vilivyolia jua likipanda na kulia tena likishuka. Darasa ndilo lililokuwa maktaba, na ukuta wake mmoja wa mabati ndio ukuta wa chumba cha kulia, kwa hiyo sisi tuliosoma tulijua kila kitu kilichosemwa na waliokula. Mchana ilikuwa githeri ya mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma wiki. Asubuhi tulipewa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, ambayo mimi, msichana wa upande wa Thika, niliisusia wiki ya kwanza, na leo nikinywa chai isiyo na moshi huo naona nimeibiwa. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Wenzangu waliniita Sista mbele ya Mwalimu na Profesa nikishageuka, na majina yote mawili yalianzishwa na Sankale.

Mwalimu Gatheru alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, aliyevaa sweta hata wakati wa kiangazi. Hakutuuliza kama jambo lilitokea, alituuliza limesimuliwaje. "Mkisikia ngoma ya harusi kwa mbali," alisema siku moja, "mnatuma mtu akaulize kuna nini? Hapana. Mnatafuta viatu." Kisha akatupeleka kisimani. Mtumishi wa Ibrahimu anafika kisimani katika nchi ya mbali, anatokea msichana, Rebeka, maji yanatekwa, msichana anakimbia nyumbani na habari, mgeni anaitwa kula, posa inakubaliwa. Yakobo vivyo hivyo, na Raheli. Musa vivyo hivyo, na binti za kuhani wa Midiani. Hiyo, alisema, ni motifu: tukio linalorudiwa mpaka msikilizaji akiona mgeni na kisima tu, moyo wake unatafuta viatu. Mwandishi hodari hairudii ilivyo. Anabadilisha kitu kimoja, na hicho alichokibadilisha ndicho anachotaka tukione. Sankale akainua mkono. "Lakini Mwalimu, huyo Yakobo alitoa jiwe la kisima kabla wachungaji wengine hawajafika. Kwetu mtu akinywesha kabla ya zamu yake, anachapwa." Mwalimu akafurahi mpaka akakaa chini. Akasema hiyo ni nzuri sana, lakini kabla hatujapeleka sheria ya kisima chetu kwenye kisima cha watu, kwanza tuulize kama mwenye hadithi aliijua. Tulibishana mpaka kengele ya githeri ikalia, na baada ya githeri tukaendelea.

Kisha tukafika kwenye Injili, kwa yule mwanamke Msamaria. Mgeni kutoka mbali, Bwana mwenyewe safari hii, kisima cha Yakobo mwenyewe, mwanamke, ombi la maji. Sura moja nyuma Yohana Mbatizaji amemtaja bwana arusi, na kabla ya hapo tumetoka harusini Kana. Yaani mwandishi ametupigia ngoma makusudi. Halafu anavunja kila kitu. Hatuambiwi kama mgeni alikunywa. Chakula kinaletwa, mgeni hakili. Mwanamke anakimbia mjini kweli, lakini mtungi anauacha. Na badala ya posa, yanatajwa maisha yake yote, waume watano na huyu wa sasa asiye mume. Mwalimu akatuambia tutafute katika mazungumzo yale neno dhambi, au neno tubu. Tulitafuta. Halikuwepo. Hatujui hata wale waume walikufa au walimfukuza. "Basi kwa nini kila mahubiri yanamwita malaya?" nikauliza. Mwalimu akafuta miwani yake kwa sweta. "Kwa sababu wahubiri wamemjazia wenyewe," akasema. Nakumbuka nilivyokasirika siku ile, hasira safi ya ujana, na nilijua ninakasirika kwa niaba ya nani.

Maziwa ya chuo yaliletwa na Mama Resiato. Alikuja asubuhi na punda wake, tunasalimiana Kimaasai, "Takwenya," "Iko," ananipima kwa macho na kuniambia bado sijanenepa. Mume wake wa kwanza alikufa. Wa pili alimrudisha kwao baada ya kumzaa binti yake Resiato, kwa kuwa hakuzaa tena. Kisha akakaa na dereva wa lori aliyekuwa akipita kwenda Namanga, bila ndoa, na hapo ndipo wazee wa kanisa walipomtoa kwenye mkate na kikombe vya Meza ya Bwana na kumketisha benchi ya nyuma. Kanisa letu lilikuwa na wanaume kulia na wanawake kushoto. Benchi ya nyuma, iliyogusa ukuta, ndiyo pekee iliyowachanganya. Sahani ya mkate ikizunguka ilifika benchi iliyo mbele yake, ikageuzwa. Ili mtu atoke pale kulikuwa na utaratibu ambao wazee waliushika kama mboni ya jicho: waliokosa pamoja hurudishwa pamoja. Wanasimama mbele wote wawili, wanaulizwa, wanaombewa, yamekwisha. Utaratibu mzuri, ulikuwa unazuia mwanamume kumwachia mwanamke aibu peke yake. Ila dereva yule alivuka mpaka siku moja na hakurudi tena. Alipotoroka, Resiato alikuwa bado hajaanza shule. Mwaka ninaousimulia alikuwa amevaa sare ya darasa la saba. Mama yake alikuwa bado nyuma, akingojea mwanamume wa kusimama naye. Alikuja kila Jumapili. Nilimuuliza mara moja anataka nini, kwa sababu mimi ningelihama kanisa. "Nataka kula na watu," akasema. "Ni hiyo tu."

Ilipofika zamu yangu ya mahubiri ya mazoezi, mbele ya kanisa zima na wazee wote, nilichagua kisima. Mwalimu alisoma niliyoandika akaniuliza, "Unajua unafanya nini?" Nikasema najua. "Mimi hapa ni mwalimu wa kuazimwa," akasema, "kanisa ni la wazee." Lakini hakunikataza. Nilihubiri, na bado nasema nilihubiri vizuri. Nilieleza motifu kwa Rebeka, kwa Raheli, kwa Sipora. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa maana hapakuwa na mtu mle asiyejua mambo ya kunywesha mifugo. Kisha nikaeleza ilivyovunjwa. Nikasema mgeni hakumtaka yule mwanamke awe na mume kwanza ndipo aseme naye. Nikasema hakumwambia arudi na mtu. Hapo kuna msomaji atanisahihisha kwamba alimwambia amwite mumewe, na ni kweli. Lakini alipojibiwa kwamba hana, mazungumzo hayakufungwa, yalianza. Hilo pia nililisema. Mama Resiato alikuwa ameinamisha kichwa pale nyuma na sikuweza kumwona uso.

Jioni ile wazee walikutana chumba cha kulia. Mimi na Sankale tulikuwa upande wa pili wa mabati, tunajifanya tunasoma. "Huyu msichana amehubiri," sauti moja ikasema. "Amehubiri kabisa." "Amesema Biblia ikitaja kisima, inataja harusi. Isaka, harusi. Yakobo, harusi. Musa, harusi." "Hata mimi mama ya watoto nilimpata kwa borehole ya ranchi." Wakacheka, vikombe vikagongana. Kisha yule wa kwanza akaendelea, kwa uchungu wa kweli, sauti ya mtu aliyeamka: "Sasa huyu mama wa maziwa tumemwacha pale miaka yote. Na shida si yeye. Shida ni kwamba hakuna mwanaume wa kusimama na yeye. Mbona hatukufikiria? Tumtafutie bwana." Mtu akaweka kikombe chini. "Lemein hana mke." "Ai, kweli. Lemein hana mke." Sankale alikuwa amejaza mkono wa shati mdomoni asicheke kwa sauti. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetumia nusu ya mahubiri kuonyesha motifu na nusu kuonyesha imevunjwa, na nusu ya pili haikuwa imefika hata mlangoni.

Nilimkimbilia Mwalimu. Alikuwa anakula machungwa nje ya nyumba yake, akitema mbegu kwa utaratibu ule ule wake. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wamekusikia," akasema. "Wamesikia ngoma, wametafuta viatu. Ungewalaumu?" Nikamwambia akazungumze nao. Akasema atazungumza, na alizungumza, na wakamwambia kwa heshima zote kwamba Biblia ameifundisha yeye, na sasa wanaitenda. Nilimchukia kidogo kwa utulivu wake. Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao wakati ule na zaidi, naelewa kwamba mtu aliyeazimwa hupima kila neno mara mbili, na bado naona angeweza kupiga meza.

Jumamosi nilizoea kwenda kunywa chai kwa Mama Resiato. Nyumba yake ilikuwa ya mabati upande wa mbele na ya kienyeji upande wa nyuma, na tulikaa kule nyuma kwa sababu kulikuwa na baridi nzuri. Mzee Lemein alipopiga hodi nilitaka kutoka, mama akanishika sketi. "Kaa hapa." Alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa, mrefu, mwenye shuka ya kanisani na rungu la kawaida, mtu asiyekuwa na maneno mengi. Nikainamisha kichwa akakigusa, salamu ya mzee kwa kijana. Akapewa kiti, akapewa chai. Hakuna aliyezungumza habari yoyote ila mvua. Akamaliza kikombe, akamiminiwa cha pili, akakimaliza. Ndipo akakohoa. "Mama Resiato. Wazee wamesema huwezi kutoka pale peke yako. Mke wangu alikufa, unajua. Niko na ng'ombe kidogo, niko na nyumba. Wacha tusimame wote mbele, tufungishwe, na wewe utoke pale nyuma. Sina neno baya."

Mama Resiato akakwangua masizi kwenye sufuria kwa ukucha. "Mzee, nimekusikia," akasema mwishowe. "Na wewe si mtu mbaya. Hata mvulana wako akija kuchunga huku simfukuzi. Lakini mimi nimeolewa, nimeolewa tena, halafu nikakaa na mtu. Imetosha. Sasa nikuulize. Kwa nini kila saa nikiomba chakula, napewa mwanaume?" Mzee Lemein akatazama miguu yake. Nilidhani ataondoka kwa hasira, mimi ningeondoka. Mama akachukua birika. "Wacha nikuongezee," akasema, akammiminia kikombe cha tatu, na mzee akakinywa pole pole mpaka chini, akashukuru, "Ashe oleng," akachukua rungu lake akaenda. Nilipotoka, mama alikuwa analia bila sauti, bila kujifuta, huku anaosha vikombe.

Wazee hawakufurahi. Walisema wamempa mlango na ameukataa, kwa hiyo sasa yuko nyuma kwa kupenda kwake. Meza ya Bwana ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Kina mama walikata mkate vipande vidogo sana, juisi ya zabibu ikamiminwa vikombe vya ukubwa wa kizibo, Mwalimu akaombea, wazee wakagawana safu. Upande wa wanawake, sahani ilikuwa mikononi mwa Mzee Lemein. Nilikuwa nimekaa karibu na nyuma nikamwona akifika benchi ya mwisho inayoruhusiwa. Kila mtu alitegemea ageuke. Hakugeuka. Akapiga hatua moja, akasimama mbele ya Mama Resiato na kumshikia sahani. Mama akamtazama. "Na ukiulizwa?" akanong'ona. "Nitajibu," mzee akasema. Mama akachukua kipande akala. Kanisa zima liligeuza shingo, na kwaya, ambayo ilitakiwa kuimba, haikuimba.

Nilimfuata mzee nje nikamuuliza kwa nini. Sikuwa na haki ya kumuuliza, lakini nilikuwa kijana na nilitaka sababu. Akafikiri. "Nilikunywa chai yake," akasema. "Alijua nimekuja kwa nini, na akanipa. Akanikataa, na bado akaniongezea. Sasa mimi nipite na mkate mbele yake, nifunike? Nitakuwa mtu wa aina gani?" Baadaye, maktaba, nilifungua tena habari ya mtumishi wa Ibrahimu. Anafikishwa nyumbani, anaandaliwa chakula, na anakataa kukigusa mpaka aseme neno lililomleta. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikaona ni adabu tu. Niliandika pembeni ya ukurasa, kwa kalamu ya wino, jambo ambalo Mwalimu alikataza, kwamba labda yule mtumishi alijua akila kwanza hatakuwa huru tena. Nimeichapisha hoja hiyo tangu wakati ule, na tanbihi nyingi. Mzee Lemein hayumo kwenye tanbihi, na sijui ningemwandikaje.

Wazee walimweka Mzee Lemein benchi ya nyuma. Ilibidi. Alikwenda na shuka yake na rungu lake, na Mama Resiato akasogea kumpa nafasi. Walikaa pale miezi kadhaa, yeye mwisho huu na mzee mwisho ule. Kanisa likaanza kuyumba, kwa sababu Mzee Lemein ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa malisho na sasa hakuweza kuombwa kufungua hata kikao. Wakakutana tena chumba cha kulia, na mimi na Sankale tukakutana tena na vitabu vyetu. "Tumrudishe Lemein." "Tumrudishe." "Utaratibu unasema nini?" Nilimwona Sankale akiachama mdomo, ameelewa kabla yangu. "Waliokosa pamoja," mmoja akasema taratibu, "hurudishwa pamoja." Mzee alitoa mkate, na Mama Resiato akaupokea. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa. Kuna aliyesema ile ya mkate ni yao wawili lakini ile ya dereva bado iko pale pale. Ndipo nikasikia Mwalimu Gatheru, ambaye kwa kawaida kwenye vikao vile alikunywa chai tu, akipiga meza. Mara moja, si kwa nguvu. Akasema ombi la kurudisha ni moja, amelisoma neno kwa neno, halitaji kosa gani. "Mtu akirudishwa mezani amerudishwa. Hakuna kurudisha nusu mtu." Sankale mpaka leo anaapa kwamba Mzee Lemein alipanga yote tangu alipopiga ile hatua moja. Mimi sijui. Sidhani.

Basi Jumapili moja wakasimama mbele ya kanisa, mzee kulia na mama kushoto, shuka safi, shanga za sikukuu, Resiato amekaa safu ya kwanza na soksi nyeupe. Mwalimu akawauliza kama wanatubu kuvunja utaratibu wa Meza. Mzee akasema anatubu. Mama Resiato akasema alikuwa na njaa. Mwalimu akatazama wazee, wazee wakatazama sakafu, akasema hilo linatosha, akawaombea wote wawili kwa ombi moja, mkono mmoja juu ya kila kichwa. Mwanamke mmoja wa kwaya alipoona watu wawili wamesimama pale na Mwalimu amewashika, mazoea yakamzidi, akapiga kigelegele kirefu cha harusi, na wenzake wawili watatu wakamfuata. Mama Resiato akageuka, akiwa tayari anaelekea upande wa wanawake na mzee upande wake.

"Nyamazeni," akawaambia. "Tumekuja kula."